Jua la Sosiot na Paa la Gari Letu

Gari letu liliporejea Mombasa baada ya kukaa miezi minane Sosiot, tulilizunguka kimya. Ubavuni lilikuwa bado na haya ya kuitwa gari. Juu, hapana. Paa lililokuwa na rangi ya maruni yenye kung'aa lilikuwa limepauka mithili ya kanga iliyosahauliwa kambani, na pembezoni rangi ilifura malengelenge. Mmoja wetu alipanda ngazi akalipapasa. Kiganja kilitoka na unga mwekundu kama hina iliyokauka, na ukingo wa buibui lake ukashika doa ambalo hata leo halijatoka.

Sisi tunaoyaandika haya ni kina mama tisa wa mtaa mmoja wa Kisauni. Gari lenyewe ni Hiace ya mtumba iliyokuja kwa meli kutoka Japani, tuliyoinunua kwa michango ya miaka mitatu. Ndilo linalotupeleka harusini na mazikoni, na kila Disemba hupanda nalo bara hadi Sosiot, katika Belgut ya Kaunti ya Kericho, alikoolewa binti wa mwenzetu. Mumewe ni Mkipsigis aliyefanya kazi katika maghala ya chai huku Mombasa, kwani chai ya milima ile hushuka hadi kwetu kuuzwa mnadani. Yeye alishuka na chai, akapanda na mwanetu. Safari ni ya takriban kilomita 750. Hivyo gari tumeligeuza nyumba ndogo: nyuma limetandikwa godoro, mna jiko la gesi na ndoo za maji ya udhu, mkeka umekunjwa ubavuni, na juu tuliweka kichanja cha chuma cha mizigo.

Disemba ile tuliliacha huko makusudi. Mwanetu alikuwa na mimba yenye matata, na kutoka kwao hadi hospitali mjini Kericho si mwendo wa kungojea matatu usiku wa mvua. Mtoto akazaliwa salama, alhamdulillahi, na Agosti gari likarudi.

Ndipo maneno yalipoanza. Tukakutana baada ya Alasiri, na kabla kahawa haijamiminwa hukumu ilikwisha kutoka: msichana hakulitunza. Tena kule ni baridi, watu hushinda na masweta, jua la kuharibu rangi litoke wapi? Fundi wa kwanza tuliyemwita alitaka shilingi 45,000 kwa paa na boneti. Fedha hizo tulikuwa nazo, lakini zilikuwa fungu la karo za Januari, na ndani yake mlikuwa na haki za wajane wawili. Mmoja wetu alisema wazi kwamba mwenye kuharibu ndiye mwenye kulipa. Mama yake binti akainuka akaenda zake, kikombe chake akakiacha hakijaguswa. Alipopigiwa simu, mwanetu hakujitetea. Alisema tu, "Nisameheni, mama zangu," na nyuma yake tulisikia mtoto akilia.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja, fundi wa rangi wa siku nyingi, ambaye mmoja wetu ni mkaza mwanawe. Alilikagua gari kwa dakika chache, akakwaruza kidogo kwa ukucha, kisha akauliza swali ambalo hatukulitaraji: "Nani aliwapigia rangi hii?"

Hapana budi tulikiri. Gari lilikuja jeupe. Sisi tuliiona rangi nyeupe kuwa ya kichovu, tukamtafuta fundi wa bei nafuu, akatupigia maruni mwezi mmoja kabla ya ile safari ya Disemba. (Hata ule wajibu wa kuandikisha rangi mpya katika logibuku tuliutimiza kwa kuchelewa.) Mzee akatueleza kwa utaratibu, na maelezo yake tunayaweka hapa, maana tuna hakika hatuko peke yetu tuliokuwa hatuyajui.

Rangi ya gari, inapopigwa sawasawa, ni nguo tatu zilizovaliwa moja juu ya nyingine. Ya ndani ni praima, ishikayo chuma na kuzuia kutu. Ya kati ndiyo rangi tunayoiona. Ya juu ni vanishi isiyo na rangi, na hiyo ndiyo yenye kung'aa na ndiyo ngao. Ndani ya vanishi bora mna dawa ya kumeza miale mikali ya jua isifike chini. Nguo zote tatu kwa pamoja aghalabu hazifiki robo ya milimita, na hiyo ya vanishi peke yake ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Likiisha hilo, jua hukumbana na rangi uso kwa uso: miale huivunja gundi inayoshikamanisha chembe za rangi, na chembe zilizofunguka hubaki juu kama unga. Huo ndio uliotoka kiganjani. Rangi za jamii ya nyekundu, nyingi zake huwa mbele katika kupauka, na hili ukitaka kulithibitisha tazama mabango ya zamani ya madukani, uone ni rangi gani iliyotangulia kufa.

Fundi wetu wa bei nafuu alipaka vanishi kidogo mno, na juu ya paa, mahali pasipoonekana na mtu aliyesimama chini, alikaribia kutopaka kabisa. Unafuu ule tuliushangilia wenyewe.

Likabaki suala la jua. Sisi wa pwani hulipima jua kwa jasho, na huko ndiko tulikokosea. Joto na miale ni vitu viwili. Kila unapopanda mita 1,000 juu ya bahari, miale ile isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo huunguza ngozi na kupausha rangi, huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua. Nyanda za chai za Kericho ziko karibu mita 2,000, na ikweta ipo jirani kabisa. Basi gari lililoegeshwa uwanjani Sosiot hupigwa na miale mikali kuliko lililoegeshwa Kisauni, ingawa dereva wake amevaa koti. Wala mawingu mepesi si pazia. Sehemu kubwa ya miale hiyo hupita. Mkulima wa huko hulijua hilo kwa mashavu yake. Sisi tuliona ukungu wa asubuhi tukadhani ni kivuli.

Kisha kuna maji. Kericho hupata zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo haina msimu mmoja wa kuaga. Asubuhi huwa na jua kali, paa la chuma lenye rangi iliyokolea likapata moto usioweza kuwekewa mkono. Adhuhuri ikishapita, upepo wa Ziwa Viktoria hukutana na upepo wa mashariki juu ya milima, mawingu yakapanda, na maji baridi yakashuka juu ya chuma cha moto. Rangi hutanuka na kunywea, siku baada ya siku, hadi ikafanya nyufa zisizoonekana. Maji huingia humo, yakakaa chini ya rangi, na malengelenge tuliyoyaona ndiyo dalili yake. Chini ya lengelenge kutu imekwisha kuanza kazi.

Na kuna mvua ya mawe. Milima ya Kericho na Nandi imetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa mahali panapopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba ya chai walithubutu kurusha roketi za baruti mawinguni ili kuyavunja mawe kabla hayajaanguka, kisha zikatumika ndege za kunyunyizia mawingu iodidi ya fedha. Mawe yenyewe mara nyingi ni madogo, kadiri ya mbaazi, nayo hulichana jani la chai kuliko yanavyobonyeza bati. Lakini juu ya rangi iliyokwisha kuwa kavu na dhaifu, kila jiwe ni nyundo ndogo.

Mzee alipomaliza, aliuliza pia gari lilikuwa likifunikwa kwa nini. Kwa fahari tukajibu: turubai la nailoni, zito, tulilolinunua sisi wenyewe tukampa mwanetu kwa wasia kwamba lisiondolewe. Akatikisa kichwa. Turubai lisilopumua hufungia unyevu wa usiku chini yake, na asubuhi jua likilipiga huwa chungu chenye kifuniko. Tena upepo ukilitikisa, vumbi lililo chini yake husugua rangi kama msasa. Mwanetu alikuwa akilifunga kila jioni kwa kamba, mimba kubwa tumboni, kwa ajili ya amri yetu. Hapo mama aliyetaka binti alipe akainamisha uso, na hakuna aliyemtazama.

Tulisafiri tena Oktoba, safari ya kwanza tuliyoifanya nje ya Disemba. Hatukuwa na jambo jingine ila kuomba radhi. Mwanetu alitupokea mlangoni na mtoto mgongoni, akatubusu mikono kama ada, na mkwewe akatuamkia kwa Kikipsigis, "Chamgei!", akatukalisha, akatuletea chai ya maziwa. Radhi ilipoombwa, mwanetu alilia, nasi tukalia, na mkwewe, aliyekuwa haelewi sana kisa chenyewe, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba gari ni bati tu, mtoto ni mzima. Baada ya hapo alitoka akatazama magharibi, akamwita mwanawe aliingize gari chini ya paa la ng'ombe. Hatukuona wingu la maana. Saa tisa na nusu mawe yalikuwa yakicheza juu ya mabati, tukashindwa kusikilizana.

Mama yule amechuma chai tangu ujana wake, na chai imemfundisha kusoma anga. Kanuni yake ni nyepesi: asubuhi ikiwa na joto la kunata na mawingu yakaanza kurundikana upande wa ziwa kabla ya Adhuhuri, cha kufunikwa kifunikwe kabla ya Alasiri. Tumeichukua kama ilivyo.

Banda lilijengwa wiki ile ile. Nguzo za mikaratusi, mabati sita ya kawaida, pande tatu wazi ili hewa ipite, na mteremko wa paa umeelekezwa nyuma ili maji yasimwagike kwenye boneti. Sakafu ni kokoto, maana gari likiegeshwa juu ya majani au matope mvuke wa ardhi hupanda usiku kucha ukalila chuma kwa chini. Ni ujenzi wa siku mbili, na gharama yake ilikuwa chini ya nusu ya ile tuliyoambiwa kwa rangi. Asiye na nafasi ya banda na atafute kifuniko cha kitambaa chenye kupumua, na asikifunge juu ya gari lenye vumbi wala lenye maji. Kivuli cha mti hatukisifu sana. Utomvu, matunda na ndege hushuka pamoja nacho, na kinyesi cha ndege kikikauka juani hula vanishi kwa siku chache tu. Kikionekana, weka juu yake kitambaa kilicholoa maji dakika kadhaa kilainike, kisha kiinue. Usikikwangue.

Katika kuosha, tunakiri kwamba mwanetu naye alikuwa na kosa, ila kosa lenyewe alilirithi kwetu. Aliosha gari kila Ijumaa asubuhi, juani, kwa sabuni ya unga ya kufulia na brashi ya sakafu. Nasi ndivyo tulivyokuwa tukiosha siku zote! Sabuni ya kufulia imetengenezwa iondoe mafuta, na nta iliyo juu ya rangi kwake ni mafuta tu. Huing'oa, ikaiacha rangi kavu. Brashi huikwaruza. Na maji yakikaukia juu ya bati la moto huacha madoa ya chumvichumvi yasiyotoka kwa urahisi.

Sasa twaosha hivi. Gari liwe kivulini na bati liwe baridi. Kwanza maji matupu, mengi kiasi cha kuondoa mchanga, maana kusugua gari lenye vumbi la murram bila kulitangulizia maji ni kulipiga msasa. Kisha ndoo mbili: moja ya maji ya shampuu ya magari, nyingine ya maji safi ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye bati. Ndoo ya pili ndiyo siri yote, kwani uchafu hubaki humo badala ya kurudi kwenye rangi. Anza juu, shuka chini, na magurudumu yawe ya mwisho kwa kitambaa chake pekee. Ndani ya matao ya magurudumu na chini ya milango tope jekundu la Sosiot hujishindilia likashika unyevu kwa wiki nzima. Humo hatuoni tabu kuingiza mkono. Mwishowe kausha kwa kitambaa laini, usiliachie jua kazi hiyo. Ndoo nne au tano zatosha, na mpira wa maji ulioachwa wazi uwanjani hauna udhuru.

Nta ndiyo iliyobaki, na hapa sisi watu wa pwani tulipaswa kuona aibu, kwa kuwa jambo hili ni letu. Wazee wetu hawakushusha jahazi majini bila kulipaka deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kwa sehemu ya chini, na mbao za juu wakazinywesha sifa, mafuta ya papa, yenye harufu isiyosahaulika. Hawakungoja ubao upasuke. Kila baada ya muda chombo kilipandishwa ufukoni, kikakwanguliwa, kikapakwa upya. Nta ya gari ni deheni hiyo hiyo iliyobadilisha jina na kunukia vizuri. Iliyo bora hutokana na majani ya mti mmoja wa Brazil, wa jamii ya minazi, uitwao carnauba. Zipo pia za viwandani ambazo hudumu zaidi. Hupakwa kidogo sana, juu ya bati safi, kavu na baridi, sehemu moja moja, kisha hufutwa kwa kitambaa laini. Nyingi za dawa hizi hufifia katika miezi miwili mitatu. Kujua kama imekwisha, mwagia maji: yakijikusanya matone ya mviringo kama ushanga, nta ipo, yakitandaa kama shuka, haipo. Anza na paa, hata kama hakuna akuonaye. Sisi tulianza na milango kwa miaka, kwa sababu milango ndiyo inayoonwa na wageni wa harusi.

Nta haifufui rangi iliyokufa, hilo lieleweke. Iliyofifia kidogo yaweza kurudishwa kwa polishi ya kusugua, nayo huondoa vanishi kidogo kila mara, kwa hiyo si ya kuchezea kila mwezi. Ikishafanya malengelenge au kubambuka, ni msasa hadi chini, kutu iondolewe, praima, rangi, vanishi. Ndivyo tulivyofanyiwa na mzee wetu, na alituonyesha jambo jingine. Kutu mbaya kabisa ilikuwa pale kichanja cha mizigo kilipofungwa. Aliyekifunga alitoboa bati akakaza skurubu bila kupaka chochote kwenye matundu. Wenye magari ya safari yenye vitanda na madirisha ya paani wajihadhari zaidi, kwani kila tundu na kila kiungo cha paa lao kina gundi ya mpira inayokaushwa na jua ikapasuka. Ikaguliwe kabla ya kila safari ndefu. Na kama bodi ni ya faibaglasi, haishiki kutu, lakini hupauka na kutoa unga vilevile. Dawa yake ni ile ile ya kivuli, shampuu na nta. Vioo vya taa ni plastiki, navyo huwa vya manjano kwa jua. Vipakeni nta mnapopaka bati.

Huku kwetu adui ni chumvi. Anayeegesha karibu na bahari, au aliyepita ufukoni, na alisuuze gari kwa maji ya mvua au ya bomba, hasa chini, kabla siku haijaisha. Maji ya visima vingi vya mtaani kwetu yana chumvi, na kuyatumia kwa kazi hiyo ni kumwosha mtu tope kwa tope.

Gari sasa ni jeupe tena. Mzee alikataa kabisa kutupigia rangi iliyokolea juu ya paa, akisema nyeupe hurudisha joto na haionyeshi haraka ikizeeka. Karo za Januari zililipwa kwa kuchelewa wiki mbili, baada ya wanne kati yetu kuuza pete zao, na mama aliyetaka binti alipe ndiye aliyetangulia kuvua yake. Mwanetu ametutumia picha wiki iliyopita: gari chini ya banda la mikaratusi, mtoto ameketi kwenye kokoto akiokota mawe ya barafu kuyatia mdomoni, na nyuma yake mkwewe akimkimbilia na leso.